Gari Lisilojua Lilipo

Aruna aligeuza ufunguo, na gari halikusema kitu. Halikukohoa, wala halikutoa ule mkwaruzo mdogo unaosikika betri ikiwa imechoka. Taa za dashibodi ziliwaka kama kawaida, nyekundu na za manjano, isipokuwa moja. Pale palipopaswa kuonekana herufi ya gia palikuwa peusi.

"Tumefika wapi?" sauti iliuliza nyuma yake.

Alitazama kwenye kioo. Bibi kizee alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mguu mmoja ameunyosha juu ya mto, kichwani kitenge kipya. Mapajani alipakata jembe lisilo na mpini, limeviringishwa ndani ya gunia.

"Bado tuko Majengo, mama."

"Majengo." Bibi alilionja neno hilo. "Muzee, jana tulikuwa Majengo. Juzi tulikuwa Majengo. Hii barabara yenu mafundi iko murefu sana."

Aruna alijua kwamba huo ulikuwa mzaha, na kwamba zamani angeucheka. Aliutambua kama mtu anavyoitambua nyumba ya jirani aliyehama. Alifungua mlango, akashuka, akafungua boneti.

Bibi huyo, uani walimwita Mukecuru, ambalo kwa lugha ya kwao ni jina la heshima la mwanamke aliyezeeka. Gari lilikuwa la mwanawe, Donat, dereva wa barabara ya Rutshuru. Mwezi wa kwanza, vita vilipoingia mjini Goma, Donat alikwenda bombani kuchota maji, na bomu likaanguka karibu na foleni. Wiki hiyohiyo Mukecuru alianguka juu ya mawe ya volkano wakati watu wanakimbia, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini uliunga upendavyo wenyewe. Hakuweza tena kubanwa ndani ya basi dogo kati ya magunia na magoti ya watu. Mahali pekee alipoweza kukaa bila kuuma meno ni hapo, kwenye kiti kirefu cha gari la mwanawe, mguu umenyooshwa.

Kwa hiyo tangu mvua za Septemba zianze, kila asubuhi alimwegemea Bénédicte, mjane wa Donat, akaletwa kukaa ndani ya gari. Majirani walidhani akili imemtoka. Haikuwa imemtoka. Alitaka kurudi Kalengera kupanda maharage katika shamba lake kabla majira hayajapita, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ila kungoja, aliona heri angojee safari akiwa ameshapanda.

Majira hayakuwa yakimngoja. Wala Mbarushimana hakuwa wa kungoja sana. Huyu alikuwa mtu anayenunua magari yaliyokufa na kuyauza vipande vipande, na Bénédicte alikuwa amempa neno: aje leo mchana. Ikiwa Papa Aruna naye atashindwa, ayatoe magurudumu, ang'oe milango, achukue na hicho kiti cha nyuma.

Papa Aruna mwenyewe hakuwa amefungua sanduku lake la vyombo tangu mkewe, Mwasiti, afariki. Sanduku lilikaa chini ya kitanda pamoja na viatu vya marehemu. Wateja walipokuja mlangoni aliwaambia macho yanamsumbua. Macho hayakuwa na tatizo lolote. Alikuwa tu ameacha kusikia ladha ya vitu. Alikula kwa sababu jirani yake Yasmini alileta sahani na kusimama mlangoni hadi aone mkono wake umeingia ndani ya wali. Aliswali, na midomo yake iliyajua maneno yote.

Lakini Bénédicte alipokuja jana jioni kumwomba, hakusema habari za macho. Bénédicte alikuwa nesi. Usiku wa mwisho wa Mwasiti, zamu yake ilikuwa imekwisha, naye akavua koti lake jeupe, akalikunja, akakaa. Alilowesha pamba akaipitisha kwenye midomo ya mgonjwa. Kisha, yeye binti wa Kikristo wa milima ya Masisi, alimgeukia Aruna akamuuliza kwa sauti ya chini kibla chao kiko upande gani. Aruna alionyesha upande wa volkano. Bénédicte alifungua breki za kitanda kwa ncha ya kiatu, akakigeuza taratibu, bila kugusa mguu wa mtu yeyote wodini. Hayo Aruna aliyakumbuka vizuri. Hakuyahisi, lakini aliyakumbuka, na kwa hilo alilitoa sanduku chini ya kitanda.

Bénédicte sasa alisimama kando ya gari na kikombe cha chai ya tangawizi. Alimweleza alivyoambiwa na fundi wa kwanza. Fundi huyo alikuja na mashine ndogo ya kuchomeka, mashine ikasoma kwamba kosa liko kwenye njia ya umeme ya kapteri inayoonyesha gia. Akaibadilisha kapteri. Gari likanyamaza. Akaleta kapteri nyingine, gari likazidi kunyamaza. Mwishowe alilala chini, akaona tumbo la sanduku la gia limekwaruzwa na mawe, akasema ni lava ndiyo imeua kila kitu. Goma, mawe ya lava husingiziwa mengi, na mara nyingi si kusingiziwa.

Aruna alipokea kikombe akakiweka juu ya bawa la gari, kando ya boneti. Alimweleza kwa ufupi. Kapteri ile ni kitu cha ukubwa wa kiganja, kimefungwa ubavuni mwa sanduku la gia. Kazi yake ni moja: kuliambia gari mkono wa gia uko wapi. Umesimama, unarudi nyuma, uko huru, au unakwenda mbele. Gari la otomatiki lisipopata habari hiyo halikubali kuwaka, lisije likaruka na kumgonga mtu.

"Hii motokari haiyui fasi iko," alisema. "Njo maana inakatala."

Bénédicte aliinamisha kichwa kama anavyofanya akisikiliza kifua cha mgonjwa. "Na kapteri mupya haikusaidia."

"Mashine ilisema njia. Haikusema kapteri." Aruna alikuwa anatafuta taa yake ya kupimia sandukuni, na vidole vyake vilivijua vyombo kuliko yeye. "Mutu akikuambia barabara ya Rutshuru imekatika, hauende kuvunja Rutshuru. Unaanza hapa, unatembea polepole mpaka ufike fasi imekatika."

Ndani ya gari Mukecuru alisema kwamba amesikia jina Rutshuru, na kama wanapita huko, wamshushe Kalengera.

Aruna alianza pale umeme unapoanzia. Taa yake ilikuwa balbu ndogo ndani ya mpini wa plastiki, sindano upande mmoja na waya wenye kibanio upande wa pili. Alibana kibanio kwenye chuma cha gari, akamwomba Bénédicte afungue ufunguo bila kuwasha, kisha akagusa fyuzi. Balbu ikawaka. Akagusa upande wa pili wa fyuzi. Ikawaka. Umeme ulikuwa unatoka nyumbani vizuri.

Alitandika boksi la karatasi chini, akalala chali, akajisukuma hadi chini ya sanduku la gia. Zamani angenung'unika mgongo. Mawe madogo meusi yalipenya boksi yakamchoma mabegani, akayaacha yachome. Alichomoa soketi ya kapteri na kuiangalia kwa mwanga wa simu. Ilikuwa safi. Miguu ya shaba iling'aa, haina kutu, haina maji. Fundi wa kwanza alifanya kazi yake kwa usafi, na Aruna akaona vyema kulisema hilo kwa sauti, ili Bénédicte asidhani alidanganywa.

Kisha aligusa mguu wa waya unaoleta umeme. Balbu haikuwaka.

Aliirudisha soketi, akamwomba Bénédicte akae mbele na kuusogeza mkono wa gia, nafasi kwa nafasi, polepole. Alisikia mkono ukisogea juu yake, tak, tak, tak. Alipima kila waya unaopaswa kujibu. Hakuna ulioamka. Umeme ulitoka kwenye fyuzi na haukufika kwenye kapteri. Njiani kati ya hapo na hapo, palikuwa na jambo.

Alipojivuta nje, chai ilikuwa imepoa. Hakuona Bénédicte alipoichukua. Aliona tu kwamba juu ya bawa la gari kuna kikombe kingine, kinatoa mvuke.

Njia yenyewe haikuwa ndefu, lakini waya ule haukutembea peke yake. Ulikuwa ndani ya tita la nyaya nyingine, limezungushiwa utepe mweusi, likipita nyuma ya injini na kupotea chini ya betri. Kulifungua tita lote kungechukua hadi jioni. Mbarushimana angefika kabla. Aruna alilipapasa kwa vidole, akilibana sehemu baada ya sehemu, akitafuta mahali palipolegea au palipoliwa na panya. Hakupata. Akasimama, mikono juu ya ukingo wa gari, akitazama bila kuona.

Kwa kawaida, fundi akifika hapo huliacha gari na kumgeukia mwenye gari.

"Ilianza lini kunyamaza?"

Bénédicte alisema tangu mwezi wa kwanza. Siku moja kabla, Donat alikuwa amerudi nalo kutoka Kibumba, amejaza watu waliokuwa wanakimbia, na lilikuwa zima kabisa. Halafu alifanya kama walivyofanya wote uani, maana ilisemekana wenye silaha wanachukua magari. Mmoja aliyatoa magurudumu akayaficha darini. Mwingine alimimina maji ya mfereji juu ya viti. Donat aliitoa betri akaizika chini ya gunia la makaa. Baada ya matanga Bénédicte aliifukua, jirani akamsaidia kuirudisha. Tangu hapo, kimya.

"Alitoa betri tu?"

"Betri tu."

Bénédicte aliinama kuokota kitambaa kilichoanguka, na alipoinuka hakumpa Aruna. Alikishika tu.

"Aliniomba sparadra," alisema.

Aruna alingoja. Sparadra ni ule utepe mweupe ambao manesi hufungia vidonda, na hakuona bado unaingiaje hapa.

Bénédicte alisema kwamba asubuhi ile alikuwa anapanga begi lake la kazi, maana walikuwa wamemwita hospitalini. Donat aliingia na mikono michafu akaomba sparadra. Roli ilikuwa moja tu, na majeruhi walikuwa wanaletwa kwa pikipiki na kwa mikokoteni. Alidhani amejikata kidole. Alimwambia aonyeshe kidonda. Donat akacheka, akasema mgonjwa wake yuko nje.

"Nikamugombeza. Nikamwambia sparadra ni ya wagonjwa, haiko ya kuchezea."

"Lakini ulimupatia?"

"Nilimupatia."

Aruna alichukua spana. Alilegeza vifungo vya betri, akaiinua kwa mikono miwili akaiweka juu ya jiwe. Betri, mtu yeyote anaweza kuja na ya kwake. Mwenye silaha anayetaka gari huja na betri begani. Dereva wa barabara ile angelijua hilo, asingeishia kwenye betri. Chini ya betri palikuwa na sinia ya chuma iliyoliwa na asidi, na alipoondoa bolti zake nne akaiinua, tita la nyaya lilionekana likipita hapo, na ndani ya tita, kitu kidogo cha kahawia ambacho zamani kilikuwa cheupe.

Hakukigusa mara moja. Alimwita Bénédicte aone.

Waya ulikuwa umekatwa safi, kwa koleo, mara moja. Kila ncha ilikuwa imekunjwa na kuzungushiwa sparadra kwa mikono isiyokuwa na haraka, ingawa siku ile haraka ilikuwa imejaa mji mzima. Kisha zote mbili zilikuwa zimelazwa pamoja, upande kwa upande, zikafungwa uzi.

"Kama kitovu," Bénédicte alisema. Alivifunga vitovu kila siku kazini. "Amefunga kama kitovu."

Aruna alikata uzi, akazivuta ncha mbili zikutane. Zilikutana bila kuvutwa sana. Alizishika hivyo mbele ya Bénédicte kwa muda.

"Ameacha urefu," alisema. "Ona. Pande zote mbili ameacha urefu."

Anayekata waya kwa hasira huukata popote. Anayeiba huchukua na kipande. Huyu alikata pale ambapo mkono wa mtu mwingine ungeweza kufika, akaacha nafasi ya kuunga bila kuongeza. Aruna alitaka kumweleza hayo. Alimtazama usoni akaona kwamba ameyaona.

Bénédicte hakulia. Alikaa kwenye jiwe kando ya betri, mikono magotini. Mukecuru alishusha kioo cha nyuma akauliza kuna nini huko mbele. Mkwewe alimjibu kwa Kinyarwanda, maneno machache. Bibi aliligeuza jembe mapajani. Halafu alisema, kwa Kiswahili ili na fundi asikie, kwamba tangu utotoni Donat alikuwa anaficha vitu vizuri. Aliwahi kuficha mbuzi.

Umeme wa mtaa haukuwepo, kwa hiyo Aruna alikipasha moto chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa la Bénédicte. Alibandua sparadra ya zamani polepole, akaiweka kwenye kifuniko cha sanduku, hakuitupa. Alikwaruza shaba hadi ikang'aa, akazisokota ncha mbili, akaweka chuma, akaleta waya wa risasi. Moshi mdogo ulipanda. Risasi iliyeyuka ikaingia kati ya nyuzi za shaba kama maji yanavyoingia kwenye udongo. Chuma kiliteleza kikamgusa kidole cha shahada. Alikiona kikimgusa. Aliona ngozi ikigeuka nyeupe, akamaliza kazi.

Utepe wake mweusi ulikuwa umekauka chini ya kitanda. Ulipasuka kila alipouvuta. Alikuwa bado anaushika wakati Bénédicte alipoingia ndani na kutoka na begi lake. Alimpa roli ya sparadra, mpya, haijafunguliwa.

"Hii haipendi mafuta," Aruna alimwonya. "Itafika Kalengera. Kisha nitaweka yenye kufaa."

"Weka."

Aliizungusha. Wakati anaizungusha, lango lilisukumwa na Mbarushimana akaingia, mtu mnene mpole, sanduku la spana mkononi na magunia matupu begani. Alisalimia. Aliona boneti wazi, betri nje, Bénédicte ameshika ncha ya utepe ili fundi akate. Hakuuliza kama kazi imeshindikana. Aliweka sanduku lake chini akalikalia.

Mukecuru alimwambia kupitia dirishani kwamba amechelewa, motokari imejaa. Mbarushimana alijibu kwamba yeye angetosheka na kukaa juu, na mizigo. Bibi akasema kwa unene huo wangefika wakiwa wamekaa chini ya ardhi. Mtu huyo alicheka mpaka sanduku likalia chini yake.

Aruna alirudisha sinia, akarudisha betri, akakaza. Aliingia akakaa kwenye kiti cha dereva. Alifungua ufunguo nusu.

Herufi iliwaka. P, ya kijani kibichi, ndogo kama punje ya mtama.

Aligeuza hadi mwisho. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikazunguka tena, ikashika. Moshi mweupe wa miezi ulijaa uani, kuku wakakimbia, na mtoto wa jirani mahali fulani akaanza kulia. Bénédicte alifunika mdomo kwa mkono ulioshika roli.  Nyuma yake Aruna alisikia gunia likichakarika, bibi akiweka jembe lake vizuri.

Kazi haikuwa imekwisha. Fundi hupima kila nafasi, maana gari linaweza kujua moja na kusahau nyingine. Alikanyaga breki, akasogeza mkono. R. Gari lilijikaza kidogo kurudi nyuma, magurudumu yakakutana na mawe yaliyowekwa mbele na nyuma yake tangu mwezi wa kwanza. N. Likalegea. Alisogeza tena.

D.

Gari lilivuta mbele. Halikuruka, lilivuta tu, kwa uzito, kama mnyama aliyefungwa anayemwona mwenyewe akija na maji. Mvuto huo ulipitia chumani, ukapitia breki, ukaingia kwenye unyayo wake, na Aruna aliushikilia hapo. Lango Mbarushimana aliliacha wazi. Ng'ambo yake kulikuwa na njia nyeusi ya mawe ikipanda kuelekea barabara kubwa, na juu ya mapaa, upande ule ambao kitanda cha Mwasiti kiligeuziwa, volkano imejifunika wingu.

Hakuna aliyemuuliza kama atawapeleka. Aruna hakuwa ametoka Majengo tangu mazishi ya mkewe.

Mbarushimana aliinuka kutoka kwenye sanduku lake. Alizunguka mbele ya gari, akainama kwa shida kwa sababu ya tumbo, akaliondoa jiwe la gurudumu la kulia akalibeba hadi ukutani. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Akarudi kwa lile la kushoto.

Aruna alikaza mguu. Kidole chake cha shahada, juu ya usukani, kilikuwa kimeanza kuuma.